VIDEO IKIKATAA KUINGIA, USIIFUTE!

Na Mweka Kumbukumbu wa Chama, Kidato cha Nne

Kama umefungua kurasa hizi ukilitafuta shairi la Mzee wetu wa jikoni, subiri kidogo. Shairi lenyewe liko mbele, katika sehemu ya mashairi, na ukilisoma utaona jambo la ajabu: linaanzia ubeti wa nne. Wa kwanza haupo, wa pili haupo, wa tatu haupo. Walimu wawili wamekwisha kuniuliza kama mpiga chapa amekosea. La hasha! Mpiga chapa hana hatia. Mwenye hatia ni mimi, na makala haya ndiyo maungamo yangu. Lakini maungamo matupu hayamfai mtu, kwa hiyo nimeyachanganya na mafunzo, ili yaliyonifika mimi yasikufike wewe.

Ilivyokuwa

Mnaikumbuka Jumamosi ile ya kumuaga Mzee baada ya kutupikia miaka na mikaka. Mwalimu mkuu alimpa kipaza sauti aseme maneno mawili matatu. Sisi tulitarajia hotuba. Mzee akakohoa, akatazama juu, kisha akaanza kughani shairi, papo hapo, bila karatasi wala nini. Ukumbi mzima kimya! Hata wale wa Kidato cha Kwanza ambao husinzia katika kila mkutano walikuwa macho.

Mimi nilikuwa nyuma ya kamera. Kamera yenyewe tuliazimwa na mzazi mmoja, na kwa kuwa betri yake ilikuwa imechoka, tuliichomeka kwenye umeme wa ukutani. Ilikuwa imerekodi tangu asubuhi, basi Mzee alipomaliza ubeti wa tatu kadi ikajaa. Vigelegele vilinipa nafasi. Nikachomoa kadi ile, nikatia nyingine, nikaendelea. Mzee akaghani hadi ubeti wa mwisho. Watu wakasimama kumpigia makofi, na kabla sijabonyeza kitufe cha kusimamisha, stima zikapotea. Kamera ikazimika hapo hapo.

Jumatatu, wakati wa prepo, nikaingia chumba cha kompyuta kuitengeneza filamu ya chama. Nikachomeka kadi ya kwanza, nikafungua programu ya kuhariri, nikaiambia iingize faili. Ikakataa. Ikaniandikia kwamba faili haiwezi kutumika. Nikajaribu tena. Ikakataa. Nikaizima kompyuta na kuiwasha. Wapi! Basi nikakata shauri peke yangu, bila kumuuliza mtu, kwamba faili imeharibika. Kesho yake kulikuwa na fainali ya kandanda baina ya mabweni na kadi ilihitajika. Nikaifomati. Tukarekodi mpira juu yake, kipindi cha kwanza na cha pili.

Kadi ya pili sikuifomati. Nisijisifu, si kwa busara. Niliisahau tu mfukoni mwa sweta.

Jina, kasha na lugha

Sasa tuingie katika somo. Kwa nini programu ya kuhariri ikatae video ambayo umeirekodi mwenyewe?

Chukua mfano wa sanduku la chuma la mwanafunzi wa bweni. Juu yake pameandikwa jina. Hilo ni jambo la kwanza. Sanduku lenyewe ni la pili. Vilivyomo ndani ni la tatu. Faili ya video iko vivyo hivyo.

Jina ni zile herufi za mwisho: .mp4, .mov, .avi, .mkv. Hizo ni maandishi ya juu ya sanduku. Ukifuta .mkv ukaandika .mp4, hujageuza kitu. Ni sawa na kuandika jina la kiranja mkuu juu ya sanduku lako: hutakuwa kiranja, na kilichomo kitabaki kile kile. Wenzetu wengi hufanya hivyo wakadhani wametibu, kumbe wameongeza ugonjwa, maana sasa jina nalo linadanganya.

Kasha ni namna faili ilivyopangwa ndani: picha zikae wapi, sauti ikae wapi, na orodha ya yaliyomo ikae wapi. Makasha ni mengi kwa sababu yalibuniwa na watu mbalimbali. MOV ilitoka na QuickTime ya kampuni ya Apple mwaka wa 1991. AVI ilitoka Microsoft mwaka wa 1992. MKV ilianza mwaka wa 2002. MP4, ambayo ndiyo iliyoenea zaidi siku hizi, ilijengwa juu ya mpango wa MOV, na ndiyo maana hizo mbili hufanana kama ndugu.

Jambo la tatu ndilo kubwa, nalo ni lugha. Picha za video zingehifadhiwa jinsi zilivyo, dakika chache tu zingeijaza kadi yote. Kwa hiyo kamera huzibana kwa kanuni maalumu, na anayezitazama sharti aijue kanuni hiyo ili azikunjue. Kanuni hiyo huitwa kodeki. Programu isiyoijua kodeki ni kama msomaji asiyejua hati.

Sisi wanachama wa Kiswahili tunao mfano wetu. Utendi wa Tambuka, ambao nakala yake ya zamani ni ya mwaka wa 1728, uliandikwa kwa hati za Kiarabu. Maneno ni Kiswahili. Ukimpa mwanafunzi wa leo nakala ile atakwambia, "Hiki si Kiswahili, siwezi kukisoma." Je, utendi umeharibika? Hata kidogo! Utendi u mzima. Msomaji ndiye asiyejua hati. Hivyo ndivyo programu yetu ilivyoniambia Jumatatu ile, na mimi nikamchoma moto mtunzi kwa kosa la msomaji.

Kodeki mbili unapaswa kuzijua kwa majina. H.264 ilipitishwa mwaka wa 2003, na karibu kila programu inaielewa. H.265, ambayo pia huitwa HEVC, ilipitishwa mwaka wa 2013. Hii ya pili hubana zaidi: kwa picha ya ubora ule ule, faili huweza kupungua hadi karibu nusu. Simu za iPhone, kwa mfano, huonyesha zenyewe katika mipangilio yake kwamba dakika moja ya video ya kawaida huchukua kama megabaiti 60 kwa HEVC, na kama megabaiti 130 kwa H.264. Ndiyo maana kampuni za simu na kamera zimeipenda.

Basi shida iko wapi? Shida ni mbili. Kwanza, kuikunjua H.265 ni kazi nzito, na kompyuta kuukuu kama zetu hupumua kwa shida. Pili, ina haki za uvumbuzi za kampuni nyingi, na anayeitia katika programu yake huenda akatakiwa kulipa. Kwa hiyo programu nyingine, hasa za zamani au zile za bure, huiacha nje. Kamera yetu ya kuazima ilikuwa ikirekodi kwa H.265. Programu yetu ni toleo la zamani. Wakutane wapi?

Kabla hujafanya lolote

Sheria ya kwanza, na ukisahau nyingine zote usiisahau hii: usifute, usifomati, usirekodi juu yake. Faili iliyokataliwa haijafa. Nakili kila kitu kutoka kwenye kadi hadi kwenye kompyuta, kisha nakala nyingine iende mahali pengine. Kazi zote zifanyike juu ya nakala, na kadi ikae kando mpaka filamu imekwisha.

Ukinakili, linganisha ukubwa. Bonyeza faili kwa kitufe cha kulia cha kipanya, tazama sifa zake. Kama kwenye kadi ni megabaiti 900 na kwenye kompyuta ni megabaiti 412, basi kunakili kulikatika njiani, na programu ina haki ya kukataa. Nakili upya. Wengi wetu huchomoa flashi diski kwa fujo kabla kompyuta haijasema tayari, halafu tunalia.

Jambo jingine la flashi. Nyingi kati ya zile ndogo hupangwa kwa mfumo uitwao FAT32, ambao haupokei faili moja inayofika gigabaiti 4. Video ndefu ikizidi hapo, kompyuta itakwambia kwamba faili ni kubwa mno hata kama flashi yenyewe ina nafasi tele. Dawa ni kuipanga flashi kwa exFAT, lakini angalia: kuipanga upya ni kufuta vilivyomo, kwa hivyo viondoe kwanza.

Ukiwa na kamera zile zenye faili za .mts, usichague faili moja moja. Nakili folda nzima kama ilivyo, maana kipande kirefu hugawanywa katika faili kadhaa, na maelezo ya kuziunganisha yamo katika folda za jirani.

Sheria ya pili: ifungue kwa VLC. Hii ni programu ya bure ya kutazamia video, na historia yake itakupendeza. Ilianzishwa na wanafunzi kama sisi, wa chuo cha École Centrale Paris huko Ufaransa, mwaka wa 1996. Hubeba kodeki zake yenyewe, kwa hiyo husoma lugha nyingi ambazo programu nyingine hazijui. VLC ikicheza video yako vizuri, mwanzo hadi mwisho, shukuru Mungu: faili ni nzima. Tatizo ni la msomaji. VLC nayo ikikataa, basi hapo yamkini faili yenyewe inaumwa, na matibabu yake nitayaeleza chini.

Dakika moja tu ya kufanya hivyo ingetosha kuziokoa zile beti tatu. Dakika moja!

Sheria ya tatu: tazama ndani. Video ikiwa inacheza katika VLC, bonyeza Ctrl na J kwa pamoja. Litatokea dirisha linalokuonyesha kodeki ya picha, kodeki ya sauti, upana na urefu wa picha, na idadi ya fremu kwa sekunde. Ipo pia programu nyingine ya bure iitwayo MediaInfo ambayo haina kazi nyingine ila hiyo. Andika unachokiona kwenye karatasi. Daktari hatoi dawa kabla ya kupima.

Jinsi ya kuigeuza

Ukishapima, utajua kama shida ni kasha au ni lugha.

Shida ikiwa ni kasha, mambo ni rahisi. Mfano ni faili ya MKV ambayo ndani yake mna H.264. Lugha inajulikana, ila sanduku ndilo geni. Hapo unahamisha vitu kutoka sanduku moja hadi jingine bila kuvigusa. Kazi huchukua muda mfupi sana na ubora haupungui hata chembe. Wanaorekodi masomo kwa programu ya OBS wanalifahamu jambo hili, kwa sababu kwa miaka mingi OBS imehifadhi rekodi katika MKV, na katika menyu yake ya faili mna amri ya kuzihamishia MP4. FFmpeg, iliyoanzishwa na Mfaransa Fabrice Bellard mwaka wa 2000, hufanya kazi hiyo pia, ila yataka uandike amri kwa mkono.

Shida ikiwa ni lugha, yaani programu haijui kodeki, una njia mbili. Ya kwanza ni kuifundisha programu: weka toleo jipya, au ongeza kodeki inayokosekana. Kompyuta ikiwa na nguvu, hii ndiyo bora. Ya pili ni kuitafsiri video. Hapo HandBrake itakufaa. Ni ya bure. Unaifungua, unaitupia video yako, unachagua kasha la MP4 na kodeki ya H.264, kisha unabonyeza kuanza. Itachukua muda, na kompyuta zetu zitanguruma kama posho mill, lakini mwisho wake utapata faili ambayo karibu kila programu itaipokea.

Tafsiri yoyote hupoteza kidogo, hilo sisi wa fasihi tunalijua. Kwa hiyo usiibane sana video unapoigeuza, na usiigeuze mara mbili tatu. Tafsiri mara moja, kutoka kwenye ile ya asili. Tena ile ya asili, nasema tena, usiifute.

Na kinga ni bora kuliko tiba. Kama simu ni iPhone, ingia katika mipangilio, kisha kamera, kisha fomati, uchague ile inayopatana na vifaa vingi. Tangu iOS 11 ya mwaka wa 2017, simu zile zenye uwezo huo hurekodi kwa HEVC zenyewe usipoziambia vinginevyo. Simu nyingi za Android nazo zina swichi kama hiyo ndani ya mipangilio ya kamera. Mwalimu mlezi wetu ameibadilisha yake tayari.

Midomo mbele, sauti nyuma

Kuna video ambayo huingia bila matata, kisha hukusaliti ndani. Tulikuwa na moja ya Mzee akikata keki, iliyopigwa kwa simu. Mwanzoni sauti na midomo vilikwenda pamoja. Dakika ya tano, Mzee anafunga mdomo, maneno ndiyo yanatoka. Tulicheka hadi machozi, lakini filamu haikuweza kutumika.

Sababu ni hii. Video ni picha nyingi zinazopita upesi, na kila picha huitwa fremu. Kamera ya kawaida hupiga fremu kwa mwendo mmoja, tuseme 25 au 30 kwa sekunde, bila kubadilika. Simu haina msimamo huo. Mwanga ukipungua, au simu ikipata joto, hupunguza mwendo. Mwanga ukirudi, huongeza. Programu za kutazamia huzifuata nyakati zilizoandikwa kwa kila fremu na hazipotei. Programu nyingine za kuhariri hudhani mwendo ni mmoja tu, basi sauti na picha huachana polepole kama wapenzi waliokosana.

Dawa ni HandBrake ile ile, ila uingie sehemu ya video uchague mwendo usiobadilika, yaani Constant Framerate. Usipochagua, inaweza kukuachia mwendo wa kubadilika vile vile, na utakuwa umetwanga maji kwenye kinu.

Na ikiwa picha imeingia lakini sauti haipo kabisa? Kumbuka kwamba sauti ina kodeki yake, mbali na ya picha. Programu inaweza kuijua moja na isiijue nyingine. Pima kwa VLC, kisha igeuze sauti iwe AAC au WAV.

Nitaje pia WhatsApp, kwa sababu wazazi wengi hututumia video kwa njia hiyo. Video ikitumwa kama video ya kawaida, WhatsApp huibana na ubora hushuka. Mwombe mzazi aitume kama hati, yaani achague Document badala ya picha na video. Hapo faili hufika jinsi ilivyo.

Picha zilikuwepo jana, leo hazipo

Dada mmoja wa Kidato cha Tatu alikuja kwangu akitetemeka. Kazi yake ya majuma mawili ilikuwa imegeuka kurasa nyekundu tupu, na programu ilimwambia kwamba video hazipatikani. "Kaka, nimefuta kila kitu!" Hakuwa amefuta chochote.

Wengi hudhani kwamba ukiingiza video, programu huimeza. Si hivyo. Programu nyingi za kuhariri huandika tu anwani: video fulani iko kwenye flashi, folda fulani, kwa jina fulani. Faili ya mradi wako haina picha ndani. Ina anwani na maelezo ya wapi ukate na wapi uunganishe. Ukichomoa flashi, ukibadilisha jina la folda, au flashi ikipewa herufi nyingine na kompyuta, mwenye barua anafika mlangoni na kukuta nyumba imehamishwa.

Dawa ni kuirudisha flashi mahali pake, au kuitumia ile amri ya kuunganisha upya na kuionyesha programu video zilikohamia. Kinga ni hii: kabla ya kuanza, tengeneza folda moja kwenye kompyuta, tia humo video zote, sauti zote na mradi wenyewe, kisha usiviguse majina. Dada yule tulimrudishia flashi yake, na picha zote zikarudi kama zilivyokuwa. Alitoka akiimba.

Faili iliyo mgonjwa kweli

Sasa turudi kwenye sweta langu. Juma la pili baada ya sherehe, nikienda kufua, nikaiona ile kadi ya pili. Safari hii nilimpelekea mwalimu mlezi kabla ya kuigusa. Kuuliza si ujinga, ingawa mimi nilikuwa nimechelewa kulijua hilo.

VLC ilikataa kuifungua. Ukubwa wake ulikuwa zaidi ya gigabaiti moja, kwa hiyo vitu vilikuwemo. Mwalimu akatufafanulia. Katika kasha la MP4 mna sehemu kubwa yenye picha na sauti, na mna sehemu ndogo iitwayo moov, ambayo ni kama ukurasa wa yaliyomo katika kitabu: fremu ya kwanza iko hapa, ya pili iko pale, kodeki ni fulani, muda ni kadha wa kadha. Kamera nyingi huandika ukurasa huo mwishoni kabisa, unapobonyeza kitufe cha kusimamisha. Stima zilipotea kabla sijakibonyeza. Kwa hiyo tulikuwa na kitabu kizima kisicho na yaliyomo, na kurasa zake hazina nambari. Hakuna programu iliyojua ianzie wapi.

(MKV haina udhaifu huo. Huandika maelezo yake kidogo kidogo njiani, na umeme ukikatika unabaki na kile ulichokwisha kurekodi. Ndiyo sababu moja ya OBS kuipenda.)

Je, kitabu kama hicho huponyeka? Mara nyingi ndiyo, kwa sharti moja: upate video nyingine nzima iliyopigwa na kamera ile ile, kwa mipangilio ile ile. Tulimwomba yule mzazi, naye akatupigia video fupi ya dakika moja ya kuku wake uani. Ipo programu ya bure iitwayo untrunc, ambayo huitazama video nzima, ikajifunza jinsi kamera ile inavyopanga mambo, kisha ikaijengea ile mbovu ukurasa mpya wa yaliyomo. Mwalimu aliiendesha usiku kucha. Asubuhi VLC ikaifungua. Mzee akatokea, na sauti yake ikajaa chumba cha kompyuta, ubeti wa nne. Kuku wa watu walikuwa wametuokolea shairi!

Lakini utamu wa habari una mchanga ndani. Tulipoiingiza video hiyo iliyoponywa katika programu ya kuhariri, ikakataliwa kwa maneno yale yale niliyoyaona siku ile ya kwanza, neno kwa neno. Mwalimu akabonyeza Ctrl na J, akasoma kodeki: H.265. Tukaigeuza kwa HandBrake na ikaingia mara moja.

Nikanyamaza. Mwalimu akanitazama, akaelewa, akanyamaza pia. Maana ile kadi ya kwanza haikupatwa na umeme. Niliisimamisha vizuri kwa mkono wangu kabla ya kuichomoa. Ilikuwa nzima. Iliyokuwa mgonjwa ni hii ya pili, na hii ndiyo iliyopona kwa sababu nilisahau kuitupa. Ile nzima ndiyo niliyoiua.

Kilichobaki

Tulijaribu kuirudisha kadi ile kwa PhotoRec, programu ya bure inayotafuta faili zilizofutwa. Huwa inaweza, hasa kama kadi haijaandikwa kitu kipya, kwa sababu kufomati kwa haraka hufuta orodha tu na kuviacha vitu vyenyewe mahali pake. Ndiyo maana mtu akifuta kwa bahati mbaya huambiwa aiondoe kadi mara moja na asipige hata picha moja. Sisi tulikuwa tumepiga mpira mzima juu yake. PhotoRec ilitupa mabao mawili na rufaa ya penalti. Beti hazikuwemo.

Mwalimu mlezi alimpigia Mzee simu nyumbani kwao. Mzee akacheka, akasema yeye hatungi ili akariri. Maneno humjia, yakitoka yametoka. Alisema atatupa shairi jingine tukimtembelea likizo ya Desemba. Hilo litakuwa shairi jingine.

Basi, ndugu zangu, siku video itakapokataa kuingia, fanyeni kwa mpangilio huu. Nakili, linganisha ukubwa, fungua kwa VLC, tazama kodeki, kisha uhamishe kasha au uigeuze lugha. Ukishindwa, uliza. Na kadi iache ikae. Kadi mpya hununuliwa dukani. Kilichorekodiwa hakiuzwi popote.

Mkilifikia shairi la Mzee, mtaona mhariri ameacha nafasi tupu juu ya ubeti wa nne. Mimi ndiye niliyemwomba aiache.

Wasalaam.